Yeyote Anayenisikia

Mshale wa kipimo ulisogea wakati hakuna aliyeugusa mtambo.

Bi Cherehani aliuona. Mwanamke aliyemaliza ujana wake akitazama sindano ikipanda na kushuka hadanganywi na kijishale cha nyuma ya kioo. Mumewe alikuwa juu ya paa, amelikumbatia bomba la chuma, na yeye alikuwa amekalishwa mbele ya meza ya redio kwa kazi moja tu, kusoma kipimo na kupaza sauti dirishani. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kuonyesha mawimbi yanayorudi. Redio ikituma na antena ikapokea vizuri, mshale unalala. Antena ikikataa, mawimbi yanarudi yalikotoka na mshale unapanda. Hayo alielezwa mara moja tu, harakaharaka, kama mpita njia anayeonyeshwa kituo cha basi.

Lakini redio ilikuwa haijatuma kitu. Kipaza sauti kilikuwa kimelala mezani na hakuna kidole kilichokikaribia. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama katikati, ukatetemeka, kisha ukashuka.

"Umesogea," alisema dirishani.

"Usogee vipi na sijabonyeza kitu?"

"Ndiyo nakwambia. Umesogea wenyewe."

Kutoka juu likashuka guno. "Wewe soma unachoambiwa usome."

Akanyamaza. Katika kunyamaza, ndani ya nyumba ile, alikuwa amehitimu siku nyingi.

Mumewe mtaani walimwita Masafa. Alikuwa fundi wa simu mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akawa mtu wa redio ya ridhaa, wale watu wenye leseni wanaozungumza hewani bila kulipwa wala kutumwa, kila mmoja na alama yake ya wito, herufi ambazo ndizo jina lake la hewani, ili mradi tu wapatikane mbali. Hewani Masafa alikuwa mcheshi ajabu. Aliuliza hali ya mvua huko kwa watu, akawapa pole wenye homa, akacheka mpaka kiti kikalia. Halafu anazima redio na uso wake unazimika nayo. Anatoka chumbani, anaketi mezani, anakula, anasema "chumvi," na mazungumzo ya siku yanaishia hapo. Bi Cherehani alijua habari za goti la mtu fulani ng'ambo ya milima, kwa kuwa alisikia mumewe akimpa pole kupitia ukuta. Goti lake yeye lilimuuma miaka na miaka na mumewe hakujua ni la kulia au la kushoto.

Habari za antena mpya zilianza na Dereva, rafiki pekee wa Masafa aliyewahi kufika nyumbani kwa miguu. Dereva alikuwa ameendesha malori maisha yake yote na redio aliijulia barabarani. Masafa alitaka antena ya wima ya bendi mbili, fimbo moja inayosimama na kushika masafa ya aina mbili kwa pamoja, na duka lilikuwa nazo za urefu wa aina tatu. Dereva akamsihi achukue ya kati. Fimbo ndefu, alieleza, haiongezi nguvu kutoka mbinguni. Inayachukua mawimbi ambayo yangekwenda juu na chini, inayapiga pasi, yanakuwa bapa na kukimbia mpaka upeo wa macho. Nyumba ya Masafa iko mlimani na mji uko bondeni. Mawimbi yatapita juu ya vichwa vya watu wote wa chini.

"Wa karibu hutawapata kabisa," alimaliza Dereva.

"Wa karibu nina shida nao gani?" akajibu Masafa.

Bi Cherehani alikuwa palepale, ameshika ncha ya kebo ambayo mumewe alikuwa akiipima urefu. Dereva alimtupia jicho, kisha akajishughulisha na viatu vyake mwenyewe.

Sikio la kufa halisikii dawa. Ikaja ile ndefu, nyeupe, vipande vilivyoungana, na vijiti vitatu vimechanua chini yake. Aliyestahili sifa apewe: kazi Masafa aliifanya vizuri. Bomba alilisimamisha wima kwa timazi, akalifunga waya za kulishikilia pande zote, maungio ya kebo akayazungushia utepe wa mpira maji yasiingie, na kabla kebo haijapenya dirishani akaiachia kitanzi kinachoning'inia ili mvua idondoke nje isifuate waya mpaka ndani. Mwisho akachukua fimbo ya shaba ya kupeleka radi ardhini, akaipigilia kwenye pembe ya baraza, mguuni kwa cherehani ya mkewe. Pale palikuwa na unyevu, mkewe humwaga maji ya kufulia. Bi Cherehani aliomba ihamishiwe upande wa pili, wateja wasijikwae. Akaambiwa radi haimjui mteja. Waya mnene wa shaba ukashuka ukutani, ukapita chini ya ile cherehani ya miguu, ukafika kwenye fimbo.

Basi, jioni ya mshale, Masafa alishuka na furaha isiyo ya kawaida yake. Hakunawa hata mikono. Watu wa redio wana sheria ambayo hawaivunji hata wakiwa walevi: unapoita unajitaja, na unapomaliza unajitaja tena na kusema unafunga. Wanasema anayeita bila kujitaja ameacha mlango wazi na hajui ni wa nani. Masafa aliijua sheria hiyo kuliko alivyojua siku ya ndoa yake. Lakini furaha ni pombe mbaya. Akabonyeza kipaza sauti, akasema, "Yeyote anayenisikia. Yeyote, popote ulipo, njoo."

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Bi Cherehani akasimama mlangoni na kumkumbusha kwamba ngazi bado imeegemea paani na itaangukia waya zake. Masafa akakitupa kipaza sauti mezani, akazima kila kitu na kutoka akilaani watu wasiojua kungoja. Hakujitaja, hakufunga.

Dereva, ambaye kwa bahati aliyasikia maneno hayo akiwa safarini nyuma ya mlima, alimpigia simu usiku uleule kumwambia arudi akafunge. Masafa alicheka. Akasema kosa ni la mkewe, alimkatiza.

Kilichoanza ni harufu. Chumba cha redio kikanuka nywele zilizoungua, na Bi Cherehani akakagua kila waya kwa pua bila kuona kilichoungua. Kisha ikaja ile sauti ndogo ya kubonyezwa na kuachiwa kwa kitufe, tiki, halafu pumzi ya mtu anayetaka kusema ambaye hajasema, halafu tiki tena. Ilitoka kwenye spika wakati redio imezimwa. Alimwambia mumewe. Mumewe akasema ni umeme wa jirani.

Masafa mwenyewe alikuwa amepata rafiki mpya hewani. Alimsifu kwa Dereva kwenye simu: kituo kinachosikika safi, hakina mkwaruzo hata chembe, tatizo lake ni moja tu, hakitaji alama yake. Mtu huyo anajua mambo yote. Anajua hata mzaha anaotaka kuutoa kabla hajautoa. Kila magharibi ilipoingia alijifungia naye, na kila asubuhi sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, mara ya mafua, mara ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia, mwisho mnong'ono. Bi Cherehani akampikia maji ya tangawizi. Akayanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Jioni moja alikuwa jikoni akiosha vyombo, akasikia kupitia ukuta watu wawili wakizungumza na kucheka. Alitega sikio kwa sababu kulikuwa na kitu kinachomkera na hakukijua, mpaka akakijua: sauti zote mbili zilikuwa za mumewe. Moja ikiuliza, nyingine ikijibu, koo lilelile, kikohozi kilekile mwisho wa sentensi. Akaweka sahani chini polepole, akapita ukumbini kwa ncha za vidole, harufu ya nywele zilizoungua ikizidi kadiri alivyosogea, akausukuma mlango kwa kidole kimoja, akamwona mumewe ameketi kwenye kiti chake na kidole kwenye kitufe na mdomo wazi, mdomo umeachama tu, ulimi umetulia ndani yake, hautoi neno wala pumzi, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni, huku spika mbele yake ikicheka, ikiuliza hali ya mvua, ikijipa pole ya homa, ikicheka tena, na taa ya redio haikuwaka kwa kuwa waya wa umeme ulikuwa umechomolewa na kulala sakafuni karibu na miguu yake.

Alimshika mabega, akamtoa. Alikuwa mwepesi.

Tangu hapo Masafa hakusema tena. Daktari alimmulika koo, akasema ni koo zima kuliko lake yeye daktari. Mgonjwa akarudishwa nyumbani na vidonge vya kumtuliza. Alikuwa akikaa mezani na kijiko mkononi, akigonga kingo za kikombe, ndefu, fupi, ndefu, ile lugha ya kugonga ya watu wa redio, siku nzima, macho yamemkazia mkewe. Bi Cherehani hakuielewa. Lakini alijiambia, na hili aliliamini kwa moyo wote, kwamba mtu anayekukazia macho hivyo hana mwingine anayezungumza naye ila wewe. Basi akawa anakaa naye, anamtazama, anangoja. Hata moyo wake mkavu ulilainika kidogo. Alidhani ugonjwa umemrudishia mume.

Nguvu zikaendelea kumtoka. Alipanda ngazi za mlangoni kwa kupumzika katikati, kisha hakuzipanda tena.

Na spika ikaanza kumsemesha mkewe.

Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua limemwagika barazani, wateja wamekwenda. Kutoka dirisha la chumba cha redio ikaja ile tiki, kisha sauti ya mumewe, ile ya ujana, kabla haijaota kutu. Ikamwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo mtaani hakuna aliyelijua na nyumbani hakuna aliyelitumia.

"Umekunywa chai?" ikauliza.

Mkasi ulimtoka mkononi. Alikaa hivyo mpaka jua likahama. Hakujibu. Siku iliyofuata ikamuuliza goti limeamkaje, ikataja la kushoto. Hakujibu. Iliyofuata ikamwambia ule ukosi anaoushona umevuta upande mmoja, aufumue kabla mteja hajaja. Akautazama ukosi. Ni kweli ulikuwa umevuta, na hakuna mwanadamu aliyekuwa mahali pa kuuona.

"Asante," akasema.

Hapa tusijitie watakatifu. Wako watakaomlaumu mwanamke huyu kwa kumjibu jini, na wengi wao ni watu ambao nyumbani kwao huulizwa kama wamekunywa chai. Yeye alijua si mumewe. Alijua kwa harufu, na alijua kwa sababu mumewe hakuwahi kumuuliza. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na alijibu. Siku ya pili akajibu kwa maneno mengi zaidi. Baadaye akahamisha kazi zake za mkono, vifungo na pindo, akawa anakaa nazo chumba cha redio, mlango umerudishwa, na mgonjwa anabaki peke yake mezani na kijiko chake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia. Asubuhi moja alimwita mteja aliyekuwa anapita barabarani, na sauti ikamtoka imekwaruza. Akasingizia vumbi.

Dereva aliporudi kutoka safari zake alikuja na matunda na maneno ya furaha, maana kila jioni huko barabarani alikuwa akimsikia Masafa hewani, mchangamfu kuliko zamani, akiita yeyote anayemsikia. Alivuka kizingiti akamkuta rafiki yake kwenye kiti, amebaki mifupa na macho, na kijiko. Matunda yalimponyoka.

"Shemeji," alinong'ona, "sasa yule ninayemsikia ni nani?"

Hakungoja jibu. Kesho yake akaleta mganga. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mkoba begani, aliyezilalamikia ngazi za mlangoni kabla ya kusalimia. Sikio lake moja lilikuwa limekufa tangu utotoni. Alisema kazi yake inataka sikio moja tu la watu, lile jingine ni la wale wasio watu. Hakuchoma kitu, hakuomba kuku. Alimshika Masafa koo, akaenda chumba cha redio, akaliweka lile sikio bovu kwenye spika, akakaa hivyo muda mrefu uso umemkunjamana. Alipotoka alifunga mlango nyuma yake kwa adabu.

"Huyu alikuwa nje akingoja, hakuingia kwa hila," alisema, sauti chini. "Kaitwa. Aliyeita hakusema anamtaka nani, wala hakusema yeye ni nani. Aliyefika akakuta jina na sauti havina mwenyewe, akavaa."

"Atatoka?" Dereva aliuliza.

"Mgeni wa kuitwa hafukuzwi, anaagwa. Na mwenyeji hana sauti ya kumuagia." Akamgeukia Bi Cherehani. "Utamuaga wewe, mwanangu. Utataja jina la mumeo la hewani, utasema unafunga. Wakati huohuo huyu aliyenileta ashushe kila kilichopandishwa, na kilichozikwa kifukuliwe. Kila kitu. Atakachokwambia usikijibu. Wewe hujawahi kumjibu?"

"Sijawahi."

Mganga alimgeuzia lile sikio bovu, akakaa hivyo kidogo. "Anayemjibu ndiye anayefuata," alisema. "Sauti kwanza. Pumzi baadaye."

Walifanya mchana, jua kali, watoto wa shule wakipita barabarani. Dereva alipanda paani na spana. Mganga alimweka Masafa kwenye kiti mlangoni mwa chumba, akasimama nyuma yake amemshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Cherehani akakaa mezani, akachukua kipaza sauti, na kilikuwa na joto la mkono wa mtu. Mshale ulikuwa umesimama katikati, unatetemeka.

Dereva alikuwa amemfundisha alama ya mumewe, naye akairudia kichwani asubuhi nzima. Akabonyeza. Akaitaja, herufi kwa herufi. Ajabu, ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kuitamka.

Tiki.

Sauti ikamwita kwa jina lake, taratibu, haikukasirika wala haikutisha, ikamkumbusha gauni la bluu alilojishonea mwenyewe akalivaa siku ya kwanza alipokutana na mumewe na jinsi uzi ulivyoisha kwenye pindo akamalizia na mweusi akidhani hakuna atakayeona, ikasema mimi niliona, ikamwambia mikono yake imechoka na ni mizuri, ikamwambia kwamba usiku yeye huongea usingizini na kuna anayesikiliza, ikasema yote ambayo mwanamke huyu alikuwa ameyangoja kwenye meza ya chakula mpaka akaacha kujua kwamba anayangoja, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka macho yakamuwasha, na juu ya bati nyayo za Dereva zikalia, spana ikalia, na sauti ya Dereva ikashuka ikiuliza kama tayari, na hakuna aliyeijibu.

"Ukinifunga mimi," sauti ikamalizia, "huyo akirudi, atakwambia nini?"

Bi Cherehani aligeuka akamtazama mumewe. Masafa alikuwa akigonga ubavu wa kiti kwa kucha, kwa nguvu zake zote za mwisho, ndefu, fupi, ndefu, macho yamemganda usoni mwa mkewe. Ananiita, aliwaza. Anakufa na ananiita mimi.

"Kituo hiki kinafunga," akasema. "Nafunga."

Mshale uliruka mpaka mwisho wa kioo, ukabaki umejibana pale ukivuma. Juu kitu kikakatika, bomba likapiga bati, na ile fimbo ndefu nyeupe ikapita dirishani ikishuka chini. Mshale ukalala. Spika ikatoa pumzi moja, ndefu, kisha ikawa sanduku tu.

Masafa alikohoa. Alikohoa mpaka mganga akamwinamisha, akatema kitu cheusi sakafuni, akavuta hewa. Rangi ikamrudia midomoni. Bi Cherehani alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika mikono yake yote miwili, analia bila kujificha.

Masafa alitazama dirisha. Kebo ilikuwa inaning'inia imekatwa.

"Nani kawaruhusu kugusa antena yangu?" alisema.

Sauti ilikuwa yake kabisa. Hakuna aliyehitaji uthibitisho zaidi. Mganga aliokota mkoba wake, akaenda zake bila kumtazama mtu.

Baadaye Dereva alikuwa nje akikunja kebo, na Bi Cherehani akamfuata. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imetulia. Akamuuliza, yeye anayeijua ile lugha ya kugonga, mumewe alikuwa akisema nini muda wote ule kwenye kikombe, na leo kwenye kiti.

"Mambo ya redio tu, shemeji."

"Niambie."

Dereva alikunja duru moja ya kebo, na nyingine. "Wito," akasema. "Alikuwa anaita yeyote anayemsikia."

"Tangu mwanzo?"

"Ndiyo niliyoyasikia mimi."

"Na jina langu?"

Dereva hakuinua uso. "Halimo, shemeji."

Aliitikia kwa kichwa. Dereva, ili apate pa kupeleka aibu isiyokuwa yake, akaelekea kwenye pembe ya baraza, akaitikisa kwa mguu ile fimbo ya shaba. Ilikuwa imeshika. Akasema imebaki hii tu, apewe sururu aifukue, mganga alisema kila kitu.

"Iache," Bi Cherehani alimwambia. "Nitaing'oa mwenyewe."

Masafa alipona haraka. Mambo ya nyumba yakarudi yalivyokuwa: mlango wa chumba cha redio umefungwa, ndani amejifungia na antena yake ya zamani ya waya, ya kufunga dirishani, na kicheko kikipita ukutani. Alikuwa ameanza kuulizia ile antena ya urefu wa kati. Akawasimulia watu wake wa mbali kwamba aliugua koo, wakampa pole, akawashukuru mmoja mmoja. Mezani alisema "chumvi."

Bi Cherehani alirudi barazani kwenye mashine yake. Fimbo ya shaba ilikuwa palepale pembeni, na juu yake palikuwa na ndoo iliyofunikwa kifudifudi, mtu asijikwae. Waya ulikuwa bado unapita chini ya chuma cha cherehani.

Alimaliza siku nyingi bila kuigusa fimbo hiyo wala kuitazama. Kisha jioni moja, jua likiaga, kazi imeisha na kitambaa kimekunjwa, alisikia ndani mumewe akimuuliza mtu wa ng'ambo ya milima kama lile goti limepata nafuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikumbuka maneno ya mganga, lipi linakuja kwanza na lipi baadaye. Akafikiri sauti yake, ndani ya nyumba ile, ilikuwa na kazi gani, na nani angegundua ikipotea. Alitafuta jina la mtu mmoja, hakulipata.

Akaivuta ndoo kando kwa mguu. Akaweka nyayo zake chini, mbali na pedeli, mikono mapajani, akainamia mashine.

"Yeyote anayenisikia," akanong'ona.

Upepo haukuwapo. Kwa muda hakukuwa na kitu ila kile kicheko cha chumbani. Kisha harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka ardhini, na sindano, ambayo hakuna aliyeigusa, ikapanda taratibu, ikasimama katikati, ikatetemeka, ikashuka.

"Umekunywa chai?"

"Bado," alisema Bi Cherehani, na sauti yake tayari ilikuwa imeanza kukwaruza.